Sauti na Karatasi: Suala la Matini katika Baladi za Uskoti

Katika taaluma ya baladi za Uskoti, yaani zile nyimbo za masimulizi zilizopokezanwa kwa mdomo, upo mkasa mmoja ambao wahakiki hawachoki kuurejelea. Walter Scott, aliyechapisha mkusanyo wake *Minstrelsy of the Scottish Border* (1802–1803), alisutwa na Margaret Laidlaw, mama yake mwandishi James Hogg na mmoja wa wale waliompa nyimbo. Kwa mujibu wa Hogg, mama huyo alishikilia kwamba nyimbo zile zilitungwa ziimbwe, si zisomwe. Kwamba Scott alikuwa ameziharibu kwa kuzitia chapani, na kwamba hazingeimbwa tena. Hogg aliyaandika haya miaka mingi baadaye, kwa hivyo hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa neno kwa neno. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba lawama ile ina madai mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni utabiri, na haukutimia. La pili ni uhakiki, na ungali na uzito.

Msingi wa uchunguzi wa baladi uliimarishwa na Francis James Child, aliyechapisha *The English and Scottish Popular Ballads* kati ya 1882 na 1898. Child aliorodhesha baladi 305, na matoleo mbalimbali ya kila baladi akayapa herufi. Ubora wa kazi hiyo ni kwamba haikuteua toleo moja na kuyatupa mengine. Lakini ilijengwa hasa juu ya maneno. Mahadhi yalipata nafasi finyu mno. Ilibidi kumngoja Bertrand Bronson ayakusanye mahadhi hayo katika majuzuu manne (1959–1972). Kwa muda huo wote mwanafunzi wa baladi alizoea kuusoma wimbo kama shairi na kuuhukumu kama shairi.

Athari ya mazoea hayo inadhihirika katika baladi ya "Edward". Toleo lake mashuhuri lilitokea mwaka 1765 katika *Reliques of Ancient English Poetry* ya Thomas Percy. Mama anamhoji mwanawe kuhusu damu iliyo upangani; mwana anakwepa mara mbili kabla ya kukiri kwamba amemuua baba yake; na mwishoni anamlaani mama kwa kuwa ndiye aliyemshauri. Kilele hicho kimesifiwa sana. Bronson, hata hivyo, alishuku kuwa toleo hilo lilipitiwa na mkono wa mwandishi stadi.

Mwaka 1953 Hamish Henderson, mtafiti wa School of Scottish Studies, kitengo kilichoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1951, alikutana na Jeannie Robertson mjini Aberdeen. Jeannie alitoka katika jamii ya Wasafiri wa Uskoti, watu waliodharauliwa kwa maisha yao ya kuhamahama. Aliuimba mkasa huohuo kwa jina la "Son David". Anayeuawa hapa ni ndugu, na laana juu ya mama haimo. Msomaji wa karatasi ataona upungufu: kilele kimepotea. Msikilizaji hana haja nacho. Uimbaji ni wa taratibu, kiitikio cha mama na mwana kuitana kinarejea, na kadiri jibu linavyocheleweshwa ndivyo hofu inavyokua. Kile kinachoonekana chapani kuwa urudiaji mtupu ndicho kinachobeba uchungu wa wimbo.

Haifai, hata hivyo, kuikweza sauti kupita kiasi. David Buchan, katika *The Ballad and the Folk* (1972), alidai kwamba Anna Gordon (1747–1810), ajulikanaye kama Bi. Brown wa Falkland, aliitunga baladi upya kila alipoiwasilisha. Alitegemea, pamoja na mengine, matoleo mawili ya "The Lass of Roch Royal" yaliyotoka kwa mama huyo, la 1783 na la 1800, ambayo yanatofautiana. Wapinzani wa Buchan walijibu kwamba kumbukumbu inayobadilika yatosha kueleza tofauti za namna hiyo. Tunakubaliana nao. Isitoshe, Anna Gordon alikuwa binti wa profesa na mjuzi wa vitabu, ilhali nyimbo alizipata kwa wanawake wa nyumbani kwao, hasa dada ya mama yake. Mdomo na kalamu vilikaa katika nyumba moja.

Kinasasauti nacho hakikutatua suala hili, kwani sauti iliyonaswa ni matini pia, na anayejifunza kwa santuri aweza kuiga hata mivuto ya pumzi. Lizzie Higgins (1929–1993), binti yake Jeannie, alirithi nyimbo za mama yake lakini akazitia madoido yenye athari ya zumari ya mfuko, ala aliyoipiga baba yake. Uhai wa baladi umo katika uhuru huo wa mrithi.

Margaret Laidlaw, basi, alikosea kutabiri, wala hakukosea kulalamika. Chapa haikuziua nyimbo. Iliupotosha mizani wa wahakiki, wakaziita pungufu nyimbo ambazo hawakuzisikia. Mtafiti wa fasihi simulizi, popote alipo, anawajibika kuuliza ni nani aliyeimba, aliimba mbele ya nani na alijifunza kwa nani, kabla ya kulitolea toleo lolote hukumu.