Kinkondja: Ufa Upimwe Kwanza, Uzibwe Baadaye

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na mwenye nyumba afanye hivyo. Mnunuzi ana shauri lake tofauti. Plasta mpya iliyopakwa juzi kwenye pembe moja tu ya nyumba imtie shaka, kwa sababu ufa ulio wazi unapimika, uliofunikwa haupimiki.

Kinkondja iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya mto Lualaba, karibu na ziwa Kisale, katika bonde la Upemba lenye maziwa na vinamasi. Wakati wa mvua maji hupanda na udongo wa mfinyanzi huvimba. Kiangazi hukauka na kusinyaa. Msingi usio na kina hufuata mwendo huo, na kwa kuwa ardhi haisinyai sawasawa, upande mmoja hushuka kuliko mwingine. Ukuta wa matofali mabichi una udhaifu wa ziada: ukiloa chini, hulainika hata kama msingi haujasogea.

Ufa wenyewe hueleza. Unaopanda kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha, ukifuata viungo vya matofali, kwa kawaida huonyesha msingi unaoshuka upande mmoja. Ukiwa mpana zaidi juu, ncha za ukuta ndizo zinazoshuka. Ukiwa mpana zaidi chini, katikati panazama. Mistari myembamba kama unywele mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Vipimo vya BRE, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa majengo, huhesabu ufa usiozidi milimita 5 kuwa mdogo, 5 hadi 15 wa wastani, 15 hadi 25 mkubwa, na zaidi ya 25 mkubwa sana. Kwa tofali bichi, uwe mkali zaidi ya hapo.

Upana, hata hivyo, hausemi kama nyumba bado inatembea. Fundi hubandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji, akaandika tarehe, kisha akangoja mvua na kiangazi vipite. Kioo kikipasuka, nyumba inatembea. Asiye na muda huo apime usawa wa sakafu kwa mpira wa maji, ajaribu kila mlango, na atafute alama za maji ya mafuriko ukutani.

Haya yafanywe kabla ya malipo, kwa sababu baadaye hakuna wa kubeba mzigo wa ufa uliokuwa ukionekana. Kwa sheria ya Kongo, muuzaji huwajibika kwa kasoro iliyofichika, si kwa ile ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko la bima lililokuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake, lakini kuwa na kampuni nyingi hakubadilishi msingi wa bima: hulipia hatari isiyojulikana kama itatokea, si mwendo ulioanza kabla ya mkataba. Bima ya moto haigusi msingi unaozama. Na ukiuficha ufa unapojaza fomu, unajipokonya fidia mwenyewe.

Hivyo gharama ya ufa iingie kwenye bei. Fundi akadirie kazi ya msingi na mifereji ya maji, kiasi hicho kipunguzwe, na sehemu ya malipo ibaki, kwa maandishi na mashahidi, hadi kioo kimalize mwaka. Muuzaji akikataza kioo kisibandikwe, tafuta nyumba nyingine.