Samaki Hutazamwa Matamvua

Jumamosi iliyopita niliwakuta watu wazima wamezunguka Land Cruiser mkonga, boneti juu, simu mkononi, wanapiga picha manifoldi. Injini ni 1HZ, ile dizeli ya silinda sita ambayo Toyota waliitoa kiwandani bila turbo, na mwenye gari kaamua kuiongezea mwenyewe. Manifoldi ya stenlesi tupu, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, na kila ungio lina rangi za upinde wa mvua. "Hii ndiyo kazi!" akasema mmoja, na wenzake wakaitikia. Nikainama, nikaigonga kwa ukucha. Ikalia ting. Nikanyamaza, maana gari si langu.

Leo sinyamazi.

Manifoldi ikigongwa hailii ting. Inatoa sauti nzito, fupi, kama mlango wa stoo. Iliyolia vile ni bomba lenye ukuta wa milimita moja na nusu, ndugu yake yuko kwenye geti na kwenye ngazi za ghorofa. Muuzaji wa bomba alimpitishia kijana mwenye gari sumaku: "Unaona, haishiki, stenlesi halisi." Kweli, sumaku haishiki stenlesi namba 304. Lakini haishiki hata 201, ile ambayo nikeli imepunguzwa karibu nusu na manganizi ikajazwa badala yake. Tena inashika 409, ambayo viwanda vya magari vinaitumia kwa ekzosi miaka yote. Anayechagua stenlesi kwa sumaku ni sawa na anayenunua samaki kwa kutazama magamba. Fika feri alfajiri uone wanaojua wanafanya nini: wanafunua matamvua.

Kwa dizeli iliyotengenezewa turbo nyuma ya nyumba, chuma ni kimoja: bomba jeusi la mvuke, skedyuli 40, lisilo na mshono. Inchi moja na nusu ina milimita 48.3 kwa nje na ukuta wa 3.7. Elbo ziwe za kuchomelea, si zile za maji zenye nyuzi. Flenji milimita 12. Litapiga magamba likipata moto, sikatai, ila ukuta wa 3.7 una akiba ya miaka. Mwenye Subaru asije kunishtaki: petroli ikibanwa inapita nyuzi 900, na huko chuma cheusi hupukutika vibaya. Yeye atafute 321, yenye titani, au 304L nene. Akikosa vyote viwili, aache gari lilivyotoka kiwandani.

Bomba la maji lenye zinki usiliguse. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na moshi wake ukiuvuta mchana utatetemeka usiku. Wengi wetu tumewahi kumeza dawa za malaria bure.

Halafu kuna jambo la kurefuka. Chukua nusu mita ya chuma cheusi, ipandishe nyuzi 600: itaongezeka kama milimita nne. 304 itakwenda tano na nusu. Wakati huohuo silinda hedi iliyofungiwa manifoldi inapozwa na maji na haiendi popote. Lazima kitu kiachie, na kikiwa si gasketi ni stadi, kikiwa si stadi ni ungio. Ndiyo maana malori makubwa yana manifoldi ya vipande vinavyoteleza, kimoja ndani ya kingine, na ndiyo maana flenji ya nyumbani hukatwa kati ya tundu na tundu. Flenji ya kijana yule ilikuwa ubao mmoja, mrefu, mzuri, umepigwa polishi. Turbo nayo ilining'inia bila mkono wa kuishika, uzito wote juu ya shingo ya bomba la geti.

Lakini hayo yote hata mgeni anaweza kufundishwa. Ambalo hawalioni kamwe, wala hawaulizi, ni ndani.

Stenlesi ikichomelewa kwa tigi, upande wa mbele unalindwa na gesi ya agoni inayotoka kwenye tochi. Upande wa nyuma uko uchi. Hewa inaukuta ukiwa majimaji, kromu inaungua, na kinachobaki ni ganda jeusi, lenye chembechembe, lenye vishimo. Mimi naliita ukoko. Ukoko wa wali watoto wanaugombania. Huu ni mwanzo wa ufa. Juu ungio linameremeta, chini limeoza kabla gari halijawaka. Na ukoko haukai milele. Joto likipanda na kushuka unabanduka vipandevipande, na safari yake inaishia kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Punje moja inatosha.

Kuuzuia si siri. Ziba ncha za bomba, jaza agoni ndani, subiri hewa yote itoke, ndipo uchomelee. Ila agoni ni pesa, na ndani hakupigwi picha. Chuma cheusi kina msamaha: kikichomelewa vizuri bila agoni ndani, nyuma yake hubaki chuma. Kwa hiyo swali la kwanza si chuma gani kizuri. Uliza kwanza mchomeleaji wako ana mitungi mingapi ya agoni.

Mzee aliyenifundisha hili alijifunza kazi katika karakana ya reli, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Ukimpelekea manifoldi alikuwa haitazami. Ataitikia shikamoo yako, atakuuliza nyumbani hawajambo, na huku kidole chake kidogo kimeshaingia tunduni kinazunguka taratibu. Kikikuta ukoko, alikitoa, akakipangusa kwenye ovaroli yako wewe uliyeleta, akarudi kwenye chai yake. Hakuna maneno zaidi. Nilifua ovaroli mara tatu kabla sijajifunza.

Wajanja nao wamejifunza kidole. Namkumbuka mmoja pale Gerezani aliyejaza agoni kwenye ungio la mdomoni tu, pale tochi na kidole vinapofika. Mdomo safi kama kikombe, ukipita kona ya kwanza ni jiko la mkaa. Tangu hapo natembea na kioo cha daktari wa meno. Mwingine alikuwa akimaliza anapitisha moto wa gesi juu ya maungio ili yapate zambarau, kwa sababu wateja wanaipenda. Ungio la stenlesi linatakiwa kuwa na rangi ya majani makavu. Zambarau ni moto uliozidi, kijivu ni chuma kilichokufa, na upinde wa mvua mahali pake ni mawinguni.

Zamani hatukuwa na habari ya 304 wala 201. Bomba lilitoka kwenye bwela iliyostaafu, limeshapikwa kwa mvuke miaka thelathini, na kama lilikuwa na nia ya kupasuka lilishapasuka zamani. Chuma cha siku hizi hakijalelewa. Mtaniambia hilo si sayansi. Sawa, lakini manifoldi ya mzee iliyofungwa kwenye gari la kaka yangu bado inafanya kazi, nyeusi, mbaya ya sura, na haijawahi kupigwa picha.

Mzee alikuwa na debe la elbo za bwela chini ya meza, zimepakwa grisi na kufungwa kwa gunia. Alipofariki, watoto wake waliniachia. Kila mwezi anapita mtu kuziulizia bei. Zimebaki nne, na 1HZ ina silinda sita.