Kaboni yenye vitundu: kazi iko kwenye kukausha

Vifuu vya nazi za Ndagoni, kisiwani Mafia, vinafaa kwa mkaa wa kuchujia maji. Kifuu huchomwa pasipo hewa, kisha mkaa hupitishiwa mvuke wa maji wenye nyuzi 800 hadi 1,000, nao mvuke huutafuna ndani kwa ndani. Vitundu vyake vingi havifiki upana wa nanometa 2, hivyo molekuli kubwa hazipenyi. Anayetaka vitundu vipana zaidi, tena kwa kipimo, huvijenga kabla ya kuchoma.

Mwaka 1989 Richard Pekala, wa maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani, alieleza jinsi resosinoli na fomaldehidi zinavyoganda majini zikawa jeli yenye mtandao wa chembe ndogo mno. Ugumu ni kuikausha. Ikianikwa hewani, maji yanayorudi nyuma ndani ya vitundu huzivuta kuta zake, na jeli hunywea.

Dawa ilikwisha patikana mwaka 1931, Samuel Kistler alipokausha jeli kwa kuvusha umajimaji wake kwenye kizingiti ambapo kimiminika na gesi havitofautiki. Pasipo uso wa maji, hakuna kinachovuta kuta. Kwa hewa ukaa kizingiti hicho ni nyuzi 31 na kanieneo takriban mara 73 ya hewa ya kawaida. Joto hilo Ndagoni hulipata bure mchana wa kaskazi. Kanieneo ndiyo yenye gharama, sawa na kuzama baharini mita 700 na zaidi.

Kwanza maji hubadilishwa kwa asetoni, nayo asetoni kwa hewa ukaa ya kimiminika. Mtungi hupashwa moto hadi kizingiti kivukwe, ndipo gesi huachiwa polepole bila kuruhusu joto lishuke. Gesi ikiachiwa haraka, jeli hupasuka. Mwisho jeli kavu, iitwayo eirojeli, huchomwa ndani ya naitrojeni, kwenye nyuzi 1,000 hivi. Gramu moja ya kaboni hiyo huwa na eneo la mita za mraba 400 hadi 1,000.

Resosinoli ni ghali. Watafiti wa Épinal, Ufaransa, waliweka mahali pake tanini ya magome ya miwati, mti unaolimwa Njombe. Na hewa ukaa ya asili huvunwa ardhini Kyejo, Rungwe. Kwa maji ya kunywa, hata hivyo, kifuu kinatosha. Eirojeli hustahili gharama yake kwenye elektrodi za kuhifadhia umeme, ambako ioni huhitaji njia pana za kupita.