Nyundo Ikae Pembeni: Presi ya Bushi ya Chuma Chakavu

Bushi ni kitu kidogo: bomba la chuma ndani, bomba jingine nje, na mpira katikati. Mpira ukikatika, gari linagonga kila tundu la barabara. Nchini Uganda, lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini, na magari mengi yanayoipita yametoka kwenye udongo na mashimo ya ng'ambo. Ndiyo maana gereji za Arua hazikosi bushi zilizokwisha.

Mazoea ni kuzitoa kwa tindo na nyundo. Lakini pigo haliishii kwenye bushi, linalishtua pia jicho la mkono wa gari, yaani tundu linaloishika bushi. Jicho likipinda kidogo tu, bushi mpya inaingia kwa ulegevu, na mteja anarudi baada ya wiki mbili na kelele ileile. Kwa presi ya mafuta kazi hii ni nyepesi, ila si kila gereji ina presi. Hapo ndipo kifaa cha kujitengenezea kinapofaa.

Vitu vyenyewe ni vichache: ufito wa chuma wenye nyuzi, unene wa milimita 16, nati tatu, vipande viwili vya bomba, na sahani mbili nene. Ufito unapita katikati ya bushi na mabomba, na sahani zinakaa kwenye ncha mbili. Mabomba ndiyo roho ya kazi. La kwanza liwe pana kuliko bushi na refu kuliko bushi, kwa kuwa linakaa kwenye ukingo wa jicho na kuipokea bushi inapotoka. La pili liwe jembamba kidogo kuliko bushi, ili lisukume ganda la chuma, si mpira. Ukikosea hapo, mpira unachomoka na ganda linabaki limeng'ang'ania.

Sahani zinatoka kwenye springi kuukuu ya lori. Jani la springi lina tundu la bolti katikati tayari, hivyo fundi anakata kipande kulizunguka. Chuma hicho ni kigumu kwa tupa, kwa hiyo kinawekwa kwenye makaa hadi kiwe chekundu, kisha kinafukiwa majivuni kipoe polepole. Baada ya hapo tupa ya duara inapanua tundu bila taabu. Washa za kawaida hazifai, maana zinabonyea kama kisahani kabla bushi haijasogea.

Sasa hesabu. Chukua spana ya sentimita 30 na mkono unaovuta kilo 20. Mzunguko mmoja, mkono unasafiri karibu mita 1.9, nati inasogea milimita 2. Kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya tani 18. Ukweli ni takriban tani 2, kwani nusu hivi ya jasho inaliwa na msuguano wa nati juu ya sahani, na asilimia 40 hivi inaliwa na nyuzi. Kwa hiyo grisi kwenye nyuzi na chini ya nati ni bora kuliko spana ndefu, kwani spana ndefu inaweza kukata ufito. Upande wa pili, nati mbili zinakazwa pamoja ziwe kichwa cha kushikiwa.

Tani hizo mbili haziendi popote: ufito unavutwa, bomba linakandamizwa, na gari lenyewe halisikii kitu. Nyundo haiwezi hilo.

Kwa mkono wa gari dogo, hiyo inatosha. Bushi za springi za malori yanayopita Koboko ni habari nyingine, kwa sababu kutu na tope vimeshazigandisha. Hapo fundi anamwagia dizeli, anaacha hadi asubuhi, anakaza kifaa, kisha anagonga jicho taratibu. Nyundo imerudi, ila sasa kazi yake ni kuvunja kutu tu. Anayesukuma ni nati.

Onyo moja. Usigeuze kifaa hiki kuwa cha kubana springi ya mviringo. Bushi ikitoka, nguvu imekwisha palepale. Springi iliyobanwa inaitunza nguvu yote, na ufito ukikatika, inamrudishia fundi usoni.