Usiku wa Cornell, Mchana wa Veneta

Bendi ya Kimarekani iitwayo Grateful Dead ilifanya maonyesho zaidi ya 2,300 tangu mwaka 1965 hadi 1995. Mashabiki waliyarekodi kwa vinasa sauti vyao na bendi haikuwafukuza. Mwaka 1984 ikawatengea hata sehemu yao ukumbini. Kanda zikasambaa mkono kwa mkono, bila malipo. Ndiyo maana shabiki wa bendi hii hakuulizi unapenda wimbo gani. Anakuuliza unapenda usiku gani.

Wanamuziki hawa huanza na wimbo unaojulikana, kisha huuacha na kuanza kubuni papo hapo. Aliyezoea sebene ataelewa nusu ya jambo. Katika sebene mapigo hayaachi njia. Hapa hata mapigo huweza kuyeyuka, na hakuna ajuaye wimbo utarudi lini, au kama utarudi.

Mashabiki wengi watakutajia Cornell, tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton Hall, jimbo la New York. Fundi Betty Cantor-Jackson aliurekodi usiku huo kwa usafi wa ajabu, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka rekodi hiyo katika orodha ya zile za kuhifadhiwa. “Scarlet Begonias” inaingia katika “Fire on the Mountain” bila mshono kuonekana. Kisha inakuja “Morning Dew”, wimbo wa Bonnie Dobson kuhusu dunia baada ya vita vya nyuklia. Jerry Garcia anauimba karibu kwa kunong'ona, halafu gitaa lake linapanda taratibu mpaka msikilizaji anajikuta amebana pumzi. Sina la kukosoa hapo.

Hata hivyo mimi nachagua Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972. Lilikuwa onyesho la mchana uwanjani, la kukisaidia kiwanda cha maziwa cha familia ya Kesey kilichokuwa na shida ya fedha. (Harambee, tungesema sisi.) Jua lilikuwa kali mno hata ala zikawa hazishiki sauti, na wapigaji wakawa wanasimama kukaza nyuzi upya. Ndipo ikaja “Dark Star”, kama nusu saa nzima. Bill Kreutzmann yuko peke yake kwenye ngoma. Keith Godchaux anadondosha noti chache za kinanda na kunyamaza. Gitaa la besi la Phil Lesh linauliza badala ya kuongoza. Kuna mahali wimbo umepotea kabisa, na hakuna anayekimbilia kuuokoa. Wanasubiriana. Mwishowe wanatokea katika “El Paso”, wimbo wa Marty Robbins wa wachunga ng'ombe, kama mtu aliyepotea porini anapoona bati la nyumba likimetameta.

Kusubiriana huko ndiko ninakokukosa katika kwaya zetu nyingi siku hizi. Kinanda kimeshapangiwa mapigo, video imeshapangiwa siku, na mwimbaji hana haja tena ya kumsikiliza aliye kando yake. Uimbaji unatoka safi, lakini haumtegemei mtu. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba neema haiagizwi. Ingefaa hata nyimbo zetu zibakize nafasi ya kupokea kisichoagizwa.

Mtu atauliza mchungaji anatafuta nini kwa bendi iliyozungukwa na dawa za kulevya. Ni swali la haki. Garcia alifariki tarehe 9 Agosti 1995, akiwa na miaka 53, katika kituo cha kutibu uraibu. Mashabiki wengine husema dawa ndizo zilizoleta muziki. Sikubali. Sikiliza maonyesho ya miaka yake ya mwisho, sauti imekauka na maneno ya nyimbo anayasahau, uone dawa zilileta nini. Aliyekuwa na kipaji cha kusikiliza wenzake aliharibiwa mbele ya maelfu waliomshangilia wiki baada ya wiki, nao waliendelea kununua tiketi. Hilo linanisumbua kuliko dawa zenyewe.

Filamu ya siku ile ya Veneta, “Sunshine Daydream”, ilitolewa rasmi mwaka 2013. Ina watu wasio na nguo, kwa hiyo watoto wasiitazame. Rekodi ya sauti inatosha. Anayeisikiliza asiziruke zile dakika za kukaza nyuzi.