Mtego Usionasa Ndege

Watoto wengi wa kandokando ya Ziwa Victoria huwajua ndege kwanza kwa mtego: ulimbo kwenye kijiti, tanzi la uzi, tenga lililoegemezwa. Ujuzi huo si wa kubezwa. Anayetega hana budi kujua ndege hutua wapi, hukimbilia upande gani na hupenda nini. Ninachokisifu hapa ni ujuzi uleule uliogeuzwa: kutengeneza kilishio cha ndege walao wadudu, mtego unaomzuia mdudu na kumwacha ndege huru.

Shomoro ni rahisi. Mmwagie mtama, atakuja. Lakini yule mweusi na mweupe atikisaye mkia kando ya maji hababaishwi na nafaka. Anataka nyama, tena inayotembea. Kwa hiyo kazi huanza na mchwa. Wafugaji wa kuku wa kienyeji wanaijua njia: chungu hujazwa mabua na samadi, kikalowanishwa, kikafudikizwa jioni juu ya tundu la mchwa. Asubuhi ukikifunua, kimejaa.

Kilishio chenyewe ni kitako cha dumu la lita 5, kuta zikibakizwa vidole vitatu, maana mchwa hushindwa kupanda plastiki laini. Matundu ya kutolea maji ya mvua yatobolewe kwa sindano iliyopashwa moto; tundu la msumari ni mlango wa kutorokea. Mjini Mwanza, ambako bustani nyingi zimebanwa kati ya mawe, mwamba ukishika joto mchwa hukauka upesi, hivyo kitundikwe kwenye kivuli cha mwembe, mbali na tawi ambalo paka anaweza kurukia.

Kisha kuna sisimizi, ambao watashuka na waya kuja kubeba karamu yote. Wapo wanaopaka waya grisi. Grisi hiyo ikigusa manyoya inakuwa ulimbo, na tumerudi kulekule tulikotoka. Heri kupitisha waya katikati ya kifuniko cha chupa kilichogeuzwa, kuziba tundu kwa nta, na kukijaza maji. Sisimizi hufika ukingoni, huzunguka mara kadhaa, hurudi juu.

Mbayuwayu wanaotoka Ulaya hawatakuja kula hapo. Chakula chao kiko angani: yale mawingu ya wadudu yanayofuka ziwani kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Wa bustanini nao usiwashibishe. Kiasi cha kiganja kinatosha, na mchicha usipuliziwe dawa, ili waendelee kuwinda wenyewe.

Ubora wa kazi hii haupimwi kwa wingi wa ndege, bali kwa namna wanavyokula. Anayedonoa huku akiinua kichwa kila mara bado anashuku mtego. Anayejaza mdomo, akaenda kulisha makinda na kurudi kuchukua tena, amekikubali kilishio chako.