Seva Husikia Waya Ukikatika, Tusi Hailisikii

Umeme ukikatika Ntinda, mtaa wa Kampala, usiku, katikati ya pambano la mchezo wa mtandaoni wa Dota 2, seva huanza kuhesabu. Ruta ikizimika pamoja na taa, mchezaji ana dakika 5 za kurudi. Zikipita, anaandikwa mtoro. Alama yake ya tabia inashuka, na akirudia anatupwa kwenye foleni ya waadhibiwa, ambako hatoki mpaka ashinde michezo kadhaa akiwa na watoro wenzake na watukanaji. Mchezaji mwingine wa timu yake, aliyekuwa akiwaita wenzake mbwa kwa Kiganda tangu dakika ya kwanza, anaendelea kucheza bila hata onyo.

Dhuluma hiyo haikupangwa na yeyote. Chanzo chake ni cha kiufundi: muunganisho unapokatika, seva hupata namba, na namba haihitaji mkalimani. Tusi linahitaji. Kampuni zilizoweza kupunguza matusi ziliweza katika lugha zilizokuwa na watu wa kuzisikiliza, na lugha za Kampala hazikuwamo.

Kazi iliyofanywa kwa undani zaidi, na kuandikwa zaidi, ni ya Riot Games, watengenezaji wa League of Legends, mchezo uliotoka Oktoba 2009. Wachezaji ni kumi, watano kwa watano, nusu saa au zaidi, na huna ruhusa ya kumtoa mwenzako anayeboronga. Hasira hapo hazikosi. Mei 2011 Riot ikafungua Tribunal, baraza la wachezaji wenyewe. Aliyeripotiwa mara nyingi alifunguliwa jalada lenye ripoti zilizomhusu na gumzo la michezo husika, neno kwa neno. Wachezaji wengine wakasoma, wakapiga kura: aadhibiwe au asamehewe. Wazee wa baraza walikuwa vijana waliokaa mbele ya kompyuta zao, na walilisoma jalada la mtu wasiyemjua hata kwa jina.

Aliyeongoza utafiti huo ni Jeffrey Lin, mtaalamu mwenye shahada ya uzamivu katika sayansi ya neva. Dhana ya wengi ilikuwa nyepesi: wafukuze wakorofi wachache, mchezo utatulia. Hesabu zikakataa. Kwa takwimu za Riot yenyewe, wakorofi sugu walihusika na takriban asilimia 13 tu ya tabia mbaya. Asilimia 87 iliyobaki ilitoka kwa watu ambao siku nyingi hawana neno na mtu, pengine hata ni wakarimu. Amegombana kazini, amepoteza michezo mitatu mfululizo, mwenzake amekosea tena, na mdomo umemponyoka. Mtu wa namna hiyo ukimfukuza umepoteza mteja, na kesho mdomo utamponyoka mwingine.

Kwa hiyo timu ya Lin ikageukia mazingira ya mchezo. Jaribio moja lilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha. Gumzo baina ya timu pinzani lilizimwa, lakini kila mchezaji aliruhusiwa kuliwasha kwa kubofya mara moja. Katika wiki iliyofuata maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, ilhali watu waliendelea kuzungumza kwa kiasi kile kile. Hakuna aliyezibwa mdomo. Aliyetaka kutukana ilimbidi kwanza aamue kufungua mlango, na hatua hiyo moja iliwatosha wengi kughairi.

Jaribio lingine lilihusu ujumbe mfupi unaoonekana mchezo ukiwa unapakiwa. Walitunga ujumbe 24, wakauandika kwa rangi mbalimbali, wakapima kilichotokea ndani ya mchezo. Ujumbe mmoja ulieleza kuwa mwenzako hucheza vibaya zaidi ukimsumbua baada ya kosa. Ulipoandikwa kwa nyekundu, lugha ya matusi ilishuka kwa asilimia 11. Kwa nyeupe athari ilikuwa hafifu. Hapa inafaa kuwa na shaka kidogo, kwa sababu nyekundu haina maana moja duniani kote. Kampala ni rangi ya Arsenal na Manchester United, ni rangi ya bereti za chama cha upinzani, na mkaa huiva kwa rangi hiyo hiyo. Atakayeiga jaribio hilo hapa ataanza upya kwenye rangi.

Kingine kilichozaa matunda ni kumwonyesha mkosaji kosa lake. Aliyefungiwa bila maelezo ya kina alirudi na ghadhabu, akaapa kuwa ameonewa. Riot ikaanza kumtumia kadi yenye maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe pamoja na hukumu ya baraza, na idadi ya waliojirekebisha ikapanda. Uganda inalijua vizuri jambo hili kutoka upande wa pili. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa jinai, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba mwananchi asingeweza kujua mpaka uko wapi. Seva si mahakama, na aliyefungiwa akaunti hafungwi gereza la Luzira, lakini udhaifu unafanana: kanuni inayosema tu “tabia isiyofaa” haimfundishi mtu chochote.

Tribunal ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilichelewa. Kura zilichukua wiki, na mkosaji alipopata hukumu alikuwa ameshasahau ugomvi wenyewe. Ilizimwa mwaka 2014. Mei 2015 ukaja mfumo wa mashine uliotoa adhabu ndani ya dakika 15 baada ya mchezo kwisha. Miezi miwili baadaye Lin aliandika kwamba maneno ya kuudhi yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 40, na kwamba asilimia 91.6 ya walioadhibiwa mara moja hawakurudia. Takwimu hizo zimetoka kwa mwenye duka, na zisomwe hivyo. Activision, wenye Call of Duty, walitoa mwaka 2023 namba isiyong’aa hivyo: asilimia 20 ya walioonywa mara ya kwanza hawakurudia. Vipimo vya kampuni hizi mbili havilingani, basi haifai kuziweka kwenye mizani moja. Hata hivyo zote mbili zinaonyesha kuwa onyo la haraka na lenye maelezo linawarudisha baadhi ya watu kwenye mstari.

Mashine ile ya 2015 haikuzaliwa ikijua kutofautisha utani na tusi. Ilifundishwa na kumbukumbu za baraza, yaani mamilioni ya kura za watu waliosoma gumzo la lugha yao na kusema hili limezidi, hili ni mzaha. Afrika Mashariki haikuwa na seva ya League of Legends. Mchezaji wa Kampala alijiunga na seva za Ulaya kupitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa, akicheza nyuma ya wenzake kwa sehemu ya sekunde. Hakuna baraza lililokaa likapigia kura gumzo la Kiganda, wala Kiswahili cha Nairobi, wala ule mchanganyiko wa lugha tatu ambao vijana wa Kampala huumaliza katika sentensi moja.

Pasipo kura kunabaki orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, na lugha za Kibantu huitesa orodha hiyo. Chukua neno la Kiganda la mpumbavu, musiru. Wakiwa wengi ni basiru. Ukitaka kumdogosha mtu unasema kasiru. Ukitaka kumfanya lidude unasema gusiru. Shina ni moja, viambishi vinabadilika, na kichujio kilichopewa umbo moja kinayapitisha mengine yote. Mbwa naye ni mnyama tu mpaka atamkwe kumlenga mtu, na hapo Kampala ni tusi zito. Kichujio kikimkataza, kitawakataza pia wanaozungumza habari za mbwa wa ulinzi.

Kinyume chake nacho hutokea. Mchezaji akiishiwa risasi na kumwandikia mwenzake “nigawie”, herufi zake nne za mwanzo zinafanana na tusi la Kiingereza dhidi ya watu weusi likiandikwa kwa g moja. Kichujio kinachosaka vipande ndani ya maneno kitaweka nyota juu ya ombi la risasi. Mwafrika anaomba msaada kwa lugha yake, mashine inamsikia akiwatukana Waafrika.

Kwenye sauti hali ni ngumu zaidi, na siku hizi matusi mengi hupita kwenye hedifoni. Riot ilipoanza Julai 2022 kurekodi sauti za mchezo wa Valorant ili kufundisha mfumo wake, ilianza Amerika Kaskazini, kwa Kiingereza pekee. Agosti 2023 Call of Duty ikaanza kutumia ToxMod, programu ya kampuni ya Modulate, nayo ikaanza na Kiingereza. ToxMod hupepeta mazungumzo ili kupata yanayotia shaka, huyachambua hayo machache, kisha hupeleka ripoti kwa binadamu. Katika Call of Duty haiadhibu yenyewe. Kazi yake ni kunyoosha kidole.

Njia hiyo hiyo ilikuwa imeshapitwa Kampala, miaka kadhaa kabla, na watu ambao hawakuwa na habari ya michezo. Ni Pulse Lab Kampala, maabara ya mpango wa Global Pulse wa Umoja wa Mataifa, iliyoshirikiana na Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini. Walitaka kujua wananchi wa vijijini wanasema nini redioni kuhusu magonjwa, wakimbizi na majanga, kwa kuwa watu wengi wa huko hawaandiki mitandaoni lakini hupiga simu kwenye vipindi. Lugha walizoanza nazo zilikuwa Kiganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda.

Mashine haikulazimishwa kuandika kila neno kwa usahihi. Kwa data kidogo ya lugha hizo isingeweza. Ilitengeneza makisio mengi ya kilichosemwa, kisha ikasaka humo maneno machache iliyoagizwa. Ilipodhani imenasa neno, kipande kile cha sauti kilipelekwa kwa mchambuzi anayeijua lugha, akakisikiliza, akaamua kama kina maana. Makala ya kitaalamu ya mwaka 2017 ilijiwekea sharti gumu zaidi: tuseme tuna dakika 12 tu za sauti iliyonukuliwa katika lugha husika, twaweza kufika wapi tukisaidiwa na sauti za lugha nyingine? Walipata mfumo unaotumika. Dakika 12 ni fupi kuliko mchezo mmoja wa League of Legends.

Kwa hiyo udhuru wa kampuni za michezo kwamba lugha hizi hazina data umepungua nguvu sana. Tangu wakati huo Chuo Kikuu cha Makerere kimesaidia kukusanya mamia ya saa za Kiganda kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla. Shirika la Sunbird AI la Kampala limetoa mkusanyo wa sentensi za Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kilugbara na Kiateso. Pengo lililobaki ni la aina ya sauti. Anayejitolea kwa Common Voice husoma sentensi taratibu mbele ya maikrofoni. Hapigi kelele huku milio ya bunduki ikirindima na mwenzake akimwingilia. Na kwa upande wa matusi yaliyoandikwa, mkusanyo wa AfriHate wa mwaka 2025, wenye lugha 15 za Afrika, una Kiswahili na Kinyarwanda. Kiganda hakimo.

Kuna gharama isiyoonekana kwenye michoro ya wahandisi: yule binadamu wa mwisho anayesikiliza. Nairobi inaijua. Wahariri wa maudhui waliofanya kazi huko chini ya kampuni ya Sama, wakisafisha Facebook kwa lugha za ukanda huu, waliishitaki Meta, wenye Facebook, mahakamani, na Desemba 2024 ikaripotiwa kuwa zaidi ya 140 kati yao walikutwa na msongo wa kiwewe. Matusi ya mchezoni hayafikii picha za mauaji walizozitazama wale, lakini kijana atakayelipwa kusikiliza vitisho vya ubakaji dhidi ya wasichana saa nane kwa siku anahitaji zaidi ya kiti na hedifoni. Kampuni itakayoajiri wasikilizaji wa Kiganda bila kuweka fungu la tiba itakuwa imehamisha sumu kutoka sikio moja kwenda lingine.

Suala la umeme ndilo jepesi kuliko yote, na linashangaza kuwa bado lipo. Anayebofya kitufe cha kutoka huiaga seva. Anayekatikiwa hunyamaza ghafla, na seva hungoja mpaka ichoke. Tofauti hiyo inaonekana kwenye kumbukumbu za seva. Wajanja wameijua, huchomoa waya makusudi wakishindwa, ndiyo maana kampuni huogopa kusamehe. Lakini mchomoa waya hunyamaza peke yake, na hunyamaza anaposhindwa. Mtaa ukikatikiwa, watu kadhaa wa mtoa huduma mmoja hupotea ndani ya dakika moja, washindi kwa washindwa. Uganda ilipozimiwa intaneti yote Januari 2021 wakati wa uchaguzi, nchi nzima ilitoka michezoni kwa siku tano. Mhandisi mmoja angeweza kulitambua tukio hilo kwa swali moja kwenye hifadhidata, akafuta adhabu zote za siku hizo kabla ya chai ya saa nne.